Jicho Linalohesabu Siku za Mbegu

Kila zinapotangazwa habari kwamba mmea fulani huenda ukazaa kidonge cha uzazi wa mpango cha wanaume, sifa huenda kwa mmea. Zinazobaki humwendea profesa aliyesimama mbele ya waandishi. Ni nadra kumsikia akitajwa fundi aliyekata kipande cha korodani chenye unene wa mikrometa 5, akakitia rangi, akakaa mbele ya hadubini kwa saa nyingi, kisha akasema: dawa imegusa seli hii, na ile haikuigusa. Makala haya ni ya kumsifu fundi huyo. Bila sentensi yake, hakuna anayeweza kujua kama kilichopatikana ni dawa au ni sumu.

Dawa na sumu hufanana sana zikitazamwa kwa mbali. Shahawa zikipimwa, jibu huwa lilelile: mbegu ni chache, au zipo lakini hazisogei. Fundi huanzia pale mpimaji wa shahawa alipoishia. Anauliza zimekwama wapi. Kama zilizokufa ni seli mama, zile za chini kabisa ambazo mbegu zote hutokana nazo, dawa ikiachwa leo hakuna kitakachorudi. Kama iliyoharibika ni seli iliyobakiza siku chache kukomaa, seli mama ziko salama, kazi inaendelea, na mwanamume akiacha dawa atapata tena uwezo wa kuzalisha. Uzazi wa mpango ni jina la hali ya pili. Ya kwanza ni utasa.

Ili kuona ukubwa wa ufundi huu, lazima kwanza tuingie ndani ya korodani. Humo mna mirija mirefu, myembamba, iliyojikunja na kujazana. Mrija ukikatwa kwa upana huonekana duara. Ukutani, upande wa nje, hukaa spermatogonia, na baadhi yake ndizo seli mama: zinapogawanyika, sehemu hubaki palepale kuendeleza ukoo na sehemu huanza safari ya kuwa mbegu. Zinazosafiri huwa spermatosaiti, seli kubwa zinazofanya mgawanyiko wa kupunguza kromosomu kutoka 46 hadi 23. Baada ya hapo huwa spermatidi, kwanza za duara, kisha ndefu. Mwisho huachiwa katikati ya mrija na kupelekwa kwenye epididimisi, mrija mwingine mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, ambako hujifunza kuogelea.

Safari hiyo yote husimamiwa na seli moja ndefu inayoanzia ukutani hadi katikati ya mrija, ikizishika nyingine ubavuni mwake, ikizilisha na kuzisukuma ndani. Huitwa seli ya Sertoli, kwa jina la Enrico Sertoli, Mwitaliano aliyeieleza mwaka 1865 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kwa binadamu, safari kutoka ukutani hadi kuachiwa huchukua takriban siku 64. Kwa panya mkubwa wa maabara ni takriban siku 52, na kwa panya mdogo ni takriban siku 35. Siku hizo hazibadiliki ovyo. Dawa inaweza kuiua seli au kuiharibu umbo, lakini kwa kawaida haiifanyi seli inayosalia iharakishe au ichelewe. Uthabiti huo ndio unaompa fundi kalenda yake.

Aliyekulia kwenye shamba la migomba atalielewa hili upesi. Kwenye shina moja husimama mama, mtoto na mjukuu, na mkulima akitazama kimo cha mtoto anajua mkungu wa mama umebakiza muda gani kukatwa. Ndani ya mrija wa korodani pia, vizazi vinne au vitano vya seli husimama pamoja kwa wakati mmoja, na hukutana kwa mpangilio maalumu. Spermatidi za duara za umri fulani hukutwa daima na spermatosaiti za umri fulani. Anayeujua mpangilio huo akiona seli moja tu vizuri, anajua ni zipi zinazopaswa kuwa chini yake na zipi juu yake. Na asipoziona zile zinazopaswa kuwapo, anajua kuna kilichotokea.

Mpangilio huo haukujulikana kwa siku moja. Mwaka 1952, Charles Leblond na Yves Clermont wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitumia rangi inayopaka akrosomu, ile kofia inayofunika kichwa cha mbegu. Kwa kufuata kofia hiyo inavyozaliwa kama nukta, inavyotanda juu ya kiini na inavyorefuka nacho, waligawa ukuaji wa spermatidi ya panya mkubwa katika hatua 19, na mrija wake katika vipindi 14. Mwaka 1956 mtafiti aitwaye Oakberg alifanya vivyo hivyo kwa panya mdogo akapata hatua 16 na vipindi 12. Mwaka 1963 Clermont akamgeukia binadamu akapata vipindi 6, ambavyo kwetu havijajipanga vizuri kama kwa panya: duara moja la mrija wa binadamu linaweza kuwa na vipindi viwili au vitatu kwa pamoja, kila kimoja kwenye kona yake. Watu hawa hawakuwa na mashine ya kuwahesabia. Walikuwa na kioo, rangi, penseli na macho yaliyokubali kurudia kutazama kitu kilekile maelfu ya mara.

Lakini kusoma huanza kwa kuandaa, na huko ndiko fundi wa maabara anakostahili heshima ya kwanza. Seli za korodani huanza kuharibika dakika chache baada ya kukosa damu. Kiungo lazima kitumbukizwe haraka kwenye maji ya kuzuia kuoza, na kisibanwe kwa vidole, maana kikibanwa safu za ndani humwagika katikati ya mrija kama zimeugua. Wengi bado hutumia mchanganyiko wa njano uliotengenezwa na Mfaransa Pol Bouin mwaka 1897: asidi ya pikriki, formalini na asidi ya asetiki. Formalini peke yake, ambayo hutosha kwa viungo vingi vya mwili, hapa haifai. Huifanya mirija isinyae, seli ziachane, na nafasi nyeupe zitokee mahali ambapo hapakuwa na nafasi. Mkono mbaya unaweza kuzalisha ugonjwa ambao mnyama hakuwa nao, na dawa isiyo na hatia ikahukumiwa kwa kosa la chupa.

Baada ya hapo maji huondolewa taratibu kwa alkoholi, kuanzia hafifu hadi kali. Ikiharakishwa, tishu hukakamaa. Kisha nta iliyoyeyushwa huingia mahali maji yalipokuwa, na kiungo kinakuwa bonge gumu linaloweza kukatwa. Mashine ya kukatia, maikrotomu, husogeza bonge hilo mikrometa chache kila mzunguko, na kisu hutoa utepe mwembamba. Fundi huulaza utepe juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, kisha huuopoa kwa kipande cha kioo. Mikrometa moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa kutosha kutoa vipande kumi na zaidi vya aina hiyo. Kisu kikiwa butu, huacha mistari. Mkono ukisita, kipande huwa kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na seli za upande mnene huonekana nyingi kuliko zilivyo. Pumzi ya fundi mwenyewe inatosha kuukunja utepe. Kazi hii hufundishwa kwa kukaa kando ya anayeijua, na mwanafunzi huharibu vipande vingi kabla hajatoa kimoja cha kusomeka.

Ndipo rangi huja. Asidi ya peryodiki na kimiminika cha Schiff huzipa kofia za mbegu rangi ya zambarau inayoelekea waridi. Hematoksilini huvipa viini rangi ya buluu. Hematoksilini yenyewe hutolewa kwenye magogo ya mti wa Amerika ya Kati, kwa hiyo dawa ya mmea mmoja husomwa kwa rangi ya mmea mwingine.

Sasa tazama fundi anavyosoma. Mwanafunzi akiona duara la mrija wa panya lisilo na mbegu ndefu hata moja, huandika kwamba dawa imeziua. Fundi hukawia. Anaitazama kofia ya zile spermatidi zilizopo, anaona ndiyo kwanza zinaanza kurefuka, na anajua mrija huu uko kwenye kipindi cha 9. Mbegu ndefu zilikuwapo jana. Zimeachiwa kwenye kipindi cha 8, zimeondoka kama inavyotakiwa. Duara lililoonekana tupu lina afya kamili. Kinyume chake, duara lililojaa mbegu ndefu linaweza kumridhisha mwanafunzi, lakini fundi akigundua kwamba ni kipindi cha 10, anajua kuna tatizo: mbegu hizo zilipaswa kuondoka, zimebaki, na seli ya Sertoli imeanza kuzivuta chini kuzimeza. Wingi uleule wa mbegu unaweza kuwa afya kwenye duara moja na ugonjwa kwenye duara la jirani.

Kisha huja kuhesabu. Huchaguliwa maduara yaliyokatwa sawasawa, maana mrija uliokatwa kwa mshazari huonyesha seli nyingi kuliko kawaida. Maduara hulinganishwa ya kipindi kimoja kwa kipindi kimoja. Hesabu za seli zinazokua huwekwa mbele ya hesabu ya seli za Sertoli, kwa sababu seli za Sertoli za mnyama mzima hazigawanyiki tena na hivyo ni kipimo kisichoyumba. Na anayehesabu hufichwa asijue kioo kipi kimetoka kwa mnyama aliyepewa dawa na kipi kwa asiyepewa. Hilo la mwisho linanivutia kuliko yote. Mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi anakubali kunyimwa jibu ili tamaa yake isiingie kwenye hesabu. Ni unyenyekevu uliofanywa kuwa utaratibu wa kazi.

Mimea miwili inaonyesha ufundi huu umetufaa vipi. Wa kwanza tunaujua, ni pamba. Kwenye mbegu na majani ya pamba kuna vijitezi vyenye kemikali ya njano inayoukinga mmea dhidi ya wadudu. Leon Marchlewski, mkemia kutoka Poland, aliitenga na kuipa jina la gosipoli mwaka 1899. Wafugaji wa kwetu wanaolisha mashudu ya pamba wanaijua kwa matendo yake hata kama hawalijui jina: ng'ombe mzima huvumilia kwa sababu tumbo lake la kucheua huifunga, lakini kuku na nguruwe hudhurika, na kiini cha yai kinaweza kugeuka rangi. Katika miaka ya 1950, vijiji kadhaa vya China vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba, yasiyosafishwa kwa joto wala kemikali, vilionekana kukosa watoto. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye gosipoli. Kuanzia mwaka 1972 majaribio yalifanywa kwa wanaume, na hatimaye zaidi ya 8,000 walishiriki. Kwa kuzuia mimba, dawa ilifanya kazi kwa takriban asilimia 99.

Kama hesabu ya shahawa ingetosha, kidonge hicho kingekuwa madukani leo. Vipande vyembamba vilieleza zaidi. Kwa panya waliopewa gosipoli, seli zilizoumia mapema zilikuwa spermatidi na spermatosaiti, na spermatogonia zilisalia kwa muda. Hadubini ya elektroni ilipotazama mkia wa mbegu, ilikuta mahali pa mitokondria, zile chembe za nguvu za ndani ya seli zilizoviringishwa shingoni mwa mkia, pamekatika: sehemu nyingine zilikuwa na mitokondria zilizovimba, sehemu nyingine hazikuwa nazo kabisa. Mbegu isiyo na chanzo cha nguvu haifiki popote. Watafiti waliona pia kwamba wanyama hawalingani. Panya wakubwa na hamsta waliathirika, lakini sungura hawakuathirika hivyo. Na kwa kadiri dozi ilivyopanda na muda ulivyorefuka, uharibifu ulishuka safu kwa safu kuelekea ukutani.

Kwa wanaume, mambo mawili yalizima matumaini. Baadhi yao walipungukiwa potasiamu kwenye damu hadi misuli ikalegea. Na sehemu yao hawakurudiwa na mbegu baada ya kuacha dawa. China ilisitisha kazi hiyo mwaka 1986, na mwaka 1998 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza gosipoli iachwe. Walioisoma mirija kwa makini walikuwa wameshaona ishara: dawa inayogusa safu nyingi haina mpaka wa kuaminika kati ya kuzuia na kuharibu. Msomaji asitishwe na mafuta ya pamba anayonunua dukani. Usafishaji wa kiwandani huiondoa gosipoli.

Mmea wa pili ni Tripterygium wilfordii, mti wa kutambaa wa kusini mwa China ambao Wachina huuita mzabibu wa mungu wa radi. Uko katika familia moja ya mimea na miraa. Mizizi yake imetumika kwa muda mrefu kutibu maumivu ya viungo. Katika miaka ya 1980, madaktari wa China, akiwamo Qian Shaozhen, waligundua kwamba wanaume waliotibiwa kwa mmea huo baridi yabisi na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi walikuwa na mbegu chache zenye uhai hafifu, huku nguvu zao za kiume zikiwa palepale. Kutoka kwenye ajali hiyo ya tiba, utafutaji wa kemikali iliyohusika ulianza.

Iliyotangulia kupimwa sana ni triptolidi, iliyotengwa mwaka 1972. Mwaka 2000, watafiti wa California waliripoti kwamba panya wakubwa waliopewa kemikali hiyo walikuwa na mbegu zilizoachana vichwa na mikia, na mikia iliyovuliwa mitokondria, huku korodani zikionekana karibu za kawaida. Ilikuwa habari njema, hadi muda wa dawa uliporefushwa na seli zikaanza kupotea ndani ya mirija yenyewe. Hapo tena ni jicho kwenye hadubini lililosema subiri.

Ndugu yake wa karibu ni triptonidi. Molekuli hizi mbili zinatofautiana kwa atomi mbili tu za hidrojeni. Mwaka 2021, kundi la watafiti wa China na Marekani, akiwamo Wei Yan wa Taasisi ya Lundquist huko California, lilichapisha matokeo yake kwenye jarida la Nature Communications. Panya wadogo waliopewa triptonidi mara moja kwa siku kwa mdomo walipoteza uwezo wa kuzalisha ndani ya wiki 3 hadi 4. Tumbili wa jamii ya makaka walichukua wiki 5 hadi 6. Mbegu ziliendelea kutengenezwa, lakini karibu zote zilikuwa na umbo bovu na hazikuweza kwenda mbele. Dawa ilipoachwa, uwezo ulirudi katika wiki 4 hadi 6 hivi.

Tazama jinsi kalenda inavyosomeka kwenye namba hizo. Kama dawa ingeua spermatogonia za panya mdogo, mbegu zilizokwisha kupita hatua hiyo zingeendelea kutoka zikiwa nzima kwa zaidi ya mwezi, na mnyama angekawia kuwa tasa. Kama ingeharibu mbegu zilizokwisha fika kwenye epididimisi pekee, athari ingeonekana ndani ya siku chache. Wiki 3 hadi 4 zinaangukia katikati: seli ziguswe karibu na mwisho wa safari yao korodanini, kisha zipite kwenye epididimisi na kutoka. Hesabu ya siku ilikuwa imeshaelekeza kidole kabla ya kipimo cha protini kufanywa.

Na umbo la mbegu likathibitisha. Vichwa vilikuwa vimekunjwa kurudi nyuma, vimelala juu ya mkia. Umbo hilo lilikuwa limeonekana kabla, mwaka 2007, kwa panya waliozaliwa bila protini iitwayo SPEM1. Spermatidi inapokaribia kuachiwa hulazimika kuvua mzigo: majimaji yote ya seli yasiyohitajika husukumwa nyuma, hukatwa, na seli ya Sertoli huyameza. Kinachobaki ni kichwa chenye kiini kilichobanwa, shingo na mkia. SPEM1 huonekana kwenye hatua za 14 hadi 16 tu, za mwisho kabisa kwa panya mdogo. Ikikosekana, mabaki hung'ang'ania shingoni, na kichwa hufungwa kikiwa kimeinama. Watafiti wa triptonidi walieleza kwamba dawa hiyo huenda hufanya kazi yake kupitia protini nyingine, plakoglobini, inayoshirikiana na SPEM1. Neno huenda wameliandika wenyewe, na limewekwa mahali panapostahili. Sehemu ya ufundi huu ni kujua kioo kimeonyesha nini na nini bado ni dhana.

Natamani wasomaji waone uzuri wa jambo hili kama ninavyouona. Dawa imemezwa mdomoni, imezunguka mwili mzima kwenye damu, imepita ini na figo, na kati ya mabilioni ya seli alama yake imeonekana kwenye hatua chache za mwisho za seli zinazozaliwa zaidi ya 1,000 kila sekunde katika mwanamume mwenye afya. Aliyetuwezesha kusema hivyo ni mtu aliyejua tofauti ya hatua ya 13 na ya 14 kwa mkunjo wa kiini na mteremko wa kofia. Hadubini kama yake iko kwenye maabara nyingi. Macho kama yake ni machache.

Ustadi huo una mipaka yake, na mafundi wazuri ndio wa kwanza kuitaja. Kipande chembamba ni picha ya saa moja ya mnyama mmoja. Hakisemi moyo wake ulikuwaje, wala ini. Hakisemi watoto watakaozaliwa baadaye watakuwaje. Ndiyo maana kwenye utafiti wa triptonidi viungo vingine pia vilikatwa na kusomwa, na wanyama waliopona wakaachwa wazalishe. Na panya si mtu, makaka si mtu. Triptonidi imejaribiwa kwa wanyama, na njia ya kuelekea kwa mwanamume inahitaji vipimo vipya vya usalama, kwa sababu mmea inakotoka una sumu na umewahi kuua watu walioula. Asitokee mtu akatafuna mizizi yake, au akanunua unga wake mtandaoni, kwa kutumaini uzazi wa mpango. Kemikali moja iliyosafishwa na kupimwa kwa dozi ndogo haifanani na mzizi wenye kemikali nyingi zisizopimwa, triptolidi ikiwa mojawapo.

Wanaume leo wana kondomu na kukata mirija ya mbegu. Mzigo uliobaki wa uzazi wa mpango wameubeba wanawake, kwa vidonge, sindano, vijiti na vitanzi, pamoja na madhara yake yote. Kidonge kwa wanaume kingekuwa haki kwa pande mbili. Lakini historia ya gosipoli inatufundisha kwamba hamu ya haki haiharakishi safu za seli. Kinachohitajika ni dawa inayogusa hatua moja na kuziacha nyingine zote, na hakuna namna ya kujua hilo isipokuwa mtu kukaa na kuzitazama moja moja.

Ujuzi huuhuu unatumika hospitali zetu kila siku kwa mambo ya karibu zaidi: kusoma kipande cha korodani cha mwanamume aliyekaa miaka bila mtoto, kueleza kama seli mama zipo au hazipo, na kutofautisha uvimbe wa saratani na usio wa saratani. Mara nyingi mafundi wanaokata na kutia rangi vipande hivyo hufanya kazi vyumba vya nyuma, majina yao hayamo kwenye majibu anayopewa mgonjwa, na vijana wenye akili nzuri hukimbilia fani zinazoonekana. Vyuo vyetu vya afya viifundishe kazi hii kama ufundi mkuu, kwa muda wa kutosha na vioo vya kutosha vya kuharibu. Hospitali ziwalipe wanaoijua kwa kiwango cha ujuzi wao. Na kila ripoti ya utafiti wa dawa ya uzazi iandike jina la aliyekata vipande na la aliyevisoma, kwa sababu hukumu iliyomo ndani yake wameitoa wao.